Wezi wa Mgono wa Bibi

Wiki iliyopita niliporomoka. Si kiuchumi, huko nilishaporomoka zamani. Niliporomoka kwa makalio. Nilikuwa natoka Tibirinzi naenda kwenye hitima, baibui jipya, hotpoti la kaimati mkononi, nikajifanya mjanja nikakata njia ya bondeni ili niwahi. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri. Pale kwenye ukingo wa udongo mwekundu mguu wa kulia ukaenda kivyake, wa kushoto ukafuata, na mie nikateremka mpaka chini kama gunia la karafuu. Kaimati haikumwagika hata moja. Iliyomwagika ni heshima. Nikatazama kushoto, nikatazama kulia, hakuna mtu. Basi yakhe, nikakaa pale matopeni nikacheka peke yangu mpaka machozi, maana ukingo ule ule niliwahi kukaa msimu mzima nikiwatazama wengine wakiuporomoka kwa raha zao, tena wakipanda wakarudia.

Enzi hizo bonde lile lilikuwa la mpunga. Ukiteremka kutoka upande wa Gombani unaliona lote limelala kijani, na katikati yake kimto chembamba, maji baridi, kinakwenda taratibu mpaka kwenye mikoko. Bibi yangu, mama yake mama, alikuwa na majaluba yake pale, na mpunga ukishaanza kutia maziwa, kazi yangu ilikuwa kuamia ndege. Nakaa kwenye dungu, kile kibanda cha miti kilichonyanyuliwa juu, na kazi ni kuwafukuza mnana wasitumalizie chakula. Skuli nilikuwa zamu ya mchana, kwa hivyo asubuhi yote ilikuwa ya ndege. Nilikuwa na kamba zilizofungwa makopo, nikivuta moja bonde zima linalia kwangala kwangala. Nilikuwa na teo, ingawa jiwe langu lilikuwa linapiga kila kitu isipokuwa ndege. Na nilikuwa na mdomo. Mwalimu wetu alikuwa akisema sauti yangu inafaa bandarini, kuitia majahazi yaliyokwisha kuondoka.

Bibi alikuwa akija jua likishapanda, kichwani kikapu. Ndani yake chai ya mchaichai kwenye chupa, muhogo wa kuchoma, na kama siku ni njema, kambare wa jana aliyekaushwa na ndimu na pilipili. Mpunga ukikaribia kukomaa alikata mashuke machache bado mabichi, akayakaanga, akayatwanga yangali moto, ikatoka pepeta. Tunaitafuna na nazi iliyokunwa, na ganda moja lazima liingie kwenye jino likae humo mpaka Maulidi. Akiniona nimechoka kupiga kelele alikuwa akiniambia, "Ndege haogopi kelele, anaogopa mtu asiyechoka." Halafu analala yeye.

Basi asubuhi moja nikasikia mluzi. Nikadhani ni watoto wa ng'ambo ya bonde wananitania, nikawajibu kwa tusi dogo, lile la kiasi. Mluzi ukarudi, mwembamba, unatoka majini. Nikachungulia. Kichwa bapa kikatokeza, kina masharubu kama ya askari wa zamani, kifua cheupe kama kavaa fulana ndani, mwili mrefu wa rangi ya kahawa iliyokolea, na mkia mnene nyuma. Akapanda ukingoni na kaa mdomoni. Akamshika kwa mikono, wallahi mikono yenye vidole kama vyetu, akamvunja miguu mmoja mmoja, akatafuna kru kru kru macho kayafumba. Halafu akapiga mluzi tena, na nyuma yake wakatoka wadogo wawili.

Toka siku ile sikuwa naamia ndege, nilikuwa naamia wao. Yule mama alikuwa na kazi kuliko mama yeyote wa mtaa wetu. Mmoja katika watoto alikuwa haogopi kitu, yeye ndo aliyegundua ule ukingo wa udongo: anapanda juu, analala kifudifudi, anakunja mikono, anaachia. Chubwi majini. Anapanda tena. Mwenzake alikuwa mwoga wa maji. Anasimama ukingoni analia, mama yake anamwita kwa mluzi, hataki, mpaka mama anachoka, anakuja kumkamata ngozi ya shingo kwa meno na kumtia majini kama mtu anayesuuza kanga. Nikawa namwonea huruma, kisha nakumbuka mie mwenyewe nilifundishwa kuogelea vile vile, tofauti yake bibi alitumia mkono.

Wakishaoga wanabiringika kwenye majani kujikausha. Wakishakauka wanachezea mawe. Yule mtundu alikuwa akilala chali, anarusha kijiwe anakidaka, anakihamisha mkono wa kulia mkono wa kushoto, kinamwangukia puani, anakitazama kwa hasira kama kijiwe ndicho chenye makosa. Na choo chao kimoja tu, pale nyuma ya jiwe kubwa, wote wanakwenda hapo hapo. Skuli yetu ilikuwa na watoto mia kadhaa na choo kimeandikwa CHOO kwa rangi nyekundu, na bado kuna watu walikuwa wakikosea. Siku nyengine alikuwa akija mkubwa mwengine. Mie nikamfanya baba, ingawa tabia zake zilikuwa za mjomba: haonekani kwenye kazi, anaonekana kwenye kula. Lakini akija, watoto walimpanda mgongoni na kumng'ata masikio, naye anajifanya kalala.

Sikumwambia mtu. Kwetu mnyama akionekana karibu na shamba, watu wanawaita kwanza wawindaji wa tumbili na mbwa zao, halafu ndo wanauliza alikuwa mnyama gani.

Sasa bibi alikuwa na mgono kimtoni, huu mtego wa kusuka kwa fito, mdomo mpana, ndani koo jembamba, samaki akiingia hajui kutoka. Mgono ule alisukiwa na jirani. Jirani alikuwa kijana, kazi yake kujenga nyumba, na babu yake alikuja kutoka bara kulimia mikarafuu. Yeye kazaliwa hapa, baba yake kazaliwa hapa, Kipemba chake kizito kuliko changu, lakini kwenye mabomba yote ya maji walikuwa wakimwita Mnyamwezi. Kijana huyu alikuwa kaleta posa kwa mama mdogo, dada yake mama, aliyekuwa akikaa na bibi. Bibi alikubali, lakini alikubali kwa mdomo wa upande mmoja. Mgono ule ulisukwa ili upande wa pili nao ulainike.

Na ulikuwa unalainika. Kila asubuhi kambare wawili watatu, bibi anamsifu fundi. Ghafla mgono ukaanza kutoka mtupu. Leo mtupu, kesho mtupu, keshokutwa una kichwa cha kambare peke yake, kimeachwa kama salamu. Bibi akasimama ukingoni mikono kiunoni.

"Samaki hafungui mlango akaacha kichwa ndani," akasema. "Huyu mtu."

Mie sikuwafikiria marafiki zangu hata kidogo. Niliwaona wanakula kaa na vyura, nikajua ndo chakula chao. Bibi akamwita mganga, naye akaweka kago. Kwetu kago ni ulinzi wa mali: chupa ndogo ya dawa, ndani kikaratasi kilichoandikwa, shingoni kitambaa chekundu, akaifunga kwenye kijiti juu ya mgono akaisomea. Atakayeiba, tumbo litamvimba. Hakuna aliyepita karibu tena. Watu waliokuwa wakikata njia pale wakaanza kuzunguka, na hata waliokuwa hawana nia mbaya walikuwa wakijipapasa tumbo usiku ili kuhakikisha.

Na siku chache baadaye, tumbo likamvimba jirani.

Nilizisikia habari bombani, nimeshika ndoo yangu.

"Mmesikia? Mnyamwezi kavimba."

"Kavimba n'ni?"

"Tumbo. Limekaza kama ngoma, ukiligonga linaitikia."

"Tobaa. Na mgono kausuka mwenyewe."

"Si ndo anajua pa kutolea."

Bibi hakupiga kelele. Bora angepiga. Alikaa ukumbini akasema kwa sauti ya chini, "Ijumaa, wanaume wakitoka msikitini, posa inarudi kwao. Sitompa mwanangu mtu anayekula mali yangu kabla ya kuwa mkwe." Akamtuma mtu amwulize jirani alichokula. Jirani akajibu, "Sijaiba." Akaulizwa tena, sawa, hukuiba, umekula n'ni? Akanyamaza. Na kunyamaza, kijijini kwetu, kulikuwa sawa na kutia saini.

Mama mdogo aliingia jikoni akakuna nazi. Alikuna moja, akakuna ya pili, alikuna mpaka mbuzi wa kukunia akawa anakuna kifuu, na machozi yanadondoka kwenye tui. Nilikula wali wa siku ile. Ulikuwa na chumvi ya kutosha.

Kesho yake, Alkhamisi, niko kwenye dungu na ukungu haujaondoka, mluzi ukalia. Mama akatokeza, watoto nyuma. Lakini siku ile hakwenda kwenye kaa. Alikwenda moja kwa moja kwenye mgono, akazama, akautikisa, akaingiza mikono yake ile ya kibinadamu kwenye kifuniko cha nyuma, akakivuta kidogo kidogo kama mama mdogo anavyofungua kopo la maziwa. Akatoka na kambare. Akawapa watoto. Yule mwoga akala kwa adabu. Yule mtundu akaacha kula, akakitazama kile kitambaa chekundu kinapepea juu ya kijiti, akasimama kwa miguu miwili, akakivuta. Kago likakatika. Akaingia nalo majini, akalala chali, akawa analirusha na kulidaka, kulia kushoto, kulia kushoto. Kitu ambacho watu wazima wenye ndevu walikuwa wakikizunguka, yeye kakifanya mpira.

Nikaanza kupima. Nikisema, jirani kasalimika. Nikisema, mbwa wanakuja, na yule mwoga hajui hata kuzama vizuri. Nisiposema, kesho Ijumaa.

Nilirudi mbio nikamvuta mama mdogo nyuma ya banda la kuku, nikamweleza yote. Akanikamata mabega.

"Mtoto wee, hukuota?"

"Sikuota, mamdogo. Kalivua kago kama kofia."

"Usimwambie mtu yeyote. Wala bibi usimwambie. Mlete akaone."

"Nimwambie n'ni?"

"Weye uongo hukosi hata siku moja, leo ndo unauliza?"

Jioni ile nikamwambia bibi kwamba mwizi nimemwona, atarudi alfajiri, na nitamwonesha, lakini kwa sharti. Asiite mbwa wala mtu. Bibi akanitazama kama ananipima kwa pishi.

"Tangu lini weye ukaniwekea mie masharti?"

"Tangu leo, bibi."

"Nikikataa?"

"Basi mwizi simjui."

Akatikisa kichwa. "Umetoka kwa nani weye?" Lakini hakuita mtu.

Ijumaa tuliswali alfajiri, tukateremka watatu, bibi, mama mdogo na mie. Tukabanana kwenye dungu, miti ikalia, nikaomba Mungu isivunjike maana bibi hakuwa mwepesi. Alikaa na tasbihi yake, punje moja moja. Jua likaanza kuchungulia. Hakuna kitu. Mnana wakashuka kwenye mpunga wakala mbele ya macho yetu, na mie siwezi kupiga kelele. Bibi akaninong'oneza, "Hao ndo wezi wako? Hawa nawajua tangu sijaolewa." Mama mdogo kashika shungi lake kwa meno.

Halafu mluzi.

Wakatoka wote siku ile, hata yule wa kuja kula. Mama akaufungua mgono kwa vidole. Watoto wakagombea mkia wa kambare, huyu anavuta huku, huyu kule, mpaka ukawaponyoka wote wawili, mjomba akaudaka akaumeza. Wakampanda kichwani. Yule mtundu akalitoa kago alikolificha chini ya jiwe, kitambaa chekundu sasa kimekuwa kamba ya tope, akapanda nalo juu ya ukingo, akaliweka kifuani, akaachia. Chubwi. Na yule mwoga, aliyekuwa msimu mzima anatiwa majini kwa meno, akatazama, akalia kidogo, akatazama tena. Akalala kifudifudi akamfuata ndugu yake. Mwenyewe. Mama yake akaacha kula akageuza kichwa.

Nikamtazama bibi. Mabega yanamtikisika, kajiziba mdomo na kanga. Nikajua analia. Nikamgusa. Alikuwa anacheka, hawezi hata kuvuta pumzi.

"Fisi maji," akasema alipoweza. "Mama yangu alikuwa akiwaona bonde la chini. Nikadhani walishakwisha." Akajifuta macho. "Ana watoto wawili, masikini, na mume mwenyewe ndo yule."

Kisha akakumbuka. Akamgeukia mama mdogo. "Basi yule kijana kavimba kwa n'ni?"

Mama mdogo akatazama mpunga. Akatazama miguu yake. "Fenesi," akasema.

"Fenesi gani?"

"Lile kubwa la nyuma ya nyumba. Nilimpelekea. Kala lote akanywa maji juu yake."

"Umempelekea weye? Hujaolewa, unampelekea mwanamume fenesi langu?"

"Ndo maana hakusema, mama. Alichelea jina langu."

Bibi aliizungusha tasbihi yake yote, mnana wakapata sikukuu. Mwisho akasema, "Basi wezi wote ni wa nyumbani kwangu," akaanza kuteremka dungu.

Tulikwenda kwa jirani kabla ya chai. Alikuwa kalala kwenye mkeka, tumbo limeshuka kidogo, akajaribu kuinuka kwa heshima akashindwa.

"Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba. Lala hivyo hivyo. Fenesi zima?"

Akamtazama mama mdogo, akatazama dari. "Kongo lake la katikati nimeliacha, bi mkubwa."

"Mtu anayeweza kunyamaza hivi huku watu wanamtukana," bibi akasema, "na tumbo limejaa hivi. Haya. Ukipona unisukie mgono mwengine, huu umelegea kifuniko." Hiyo ndo ilikuwa samahani. Bibi yangu hakuwa na nyengine, na jirani alikuwa na akili ya kuitambua. Posa haikurudi.

Lakini lilibaki jina lake huko bombani. Bibi akalimaliza siku ile ile. Alikwenda na ndoo asiyoihitaji, akasimama mpaka wanawake wakajaa, akasema, "Yule kijana msimseme tena, hana alichochukua. Mwizi nimemwona kwa macho yangu. Mwanamke, ana watoto wawili wadogo, ana shida. Nimemsamehe, na jina lake silitaji." Akabeba ndoo yake akaondoka. Miezi, yakhe, miezi wanawake wale walikuwa wakihesabiana watoto. Wenye wawili walipata tabu sana mwaka ule.

Mganga naye alikuja kudai sifa zake. Bibi akamwuliza, ikiwa mwizi ni mnyama, mbona tumbo halikumvimba? Mzee wa watu akafikiri kidogo, akajibu kwamba kago lilisomwa kwa ajili ya watu. Bibi akampa pepeta, akasema jibu hilo limestahili.

Harusi ilifungwa mpunga ulipokwisha kuvunwa. Mpaka siku ile bibi alikuwa akiukagua mgono asubuhi, akikuta samaki anachukua baadhi, mmoja anamrudisha, anafunga kifuniko kwa fundo la uvivu. Ukimwuliza anasema mkono umemteleza. Baada ya mavuno sikuwaona tena. Msimu uliofuata niliwasikia mara moja, mbali, upande wa mikoko, mluzi mmoja na mwengine ukiujibu.

Bibi katangulia mbele ya haki. Dungu hakuna, mbao zake sijui zilipika chai ya nani. Nusu ya bonde ni nyumba sasa, mchele tunanunua kwa kilo dukani, umekuja na meli, mweupe, hauna harufu ya kitu chochote, na watoto wa leo ukiwaambia pepeta wanakuuliza inauzwa wapi. Siwalaumu. Mie mwenyewe ningepewa kuamia ndege sasa hivi ningekwenda na chaja. Ila kimto kipo, kimekonda, kinapita kwenye majani pale nilipoangukia, na nilipokuwa najifuta tope niliuona mgono ndani yake, mpya, fito bado za kijani. Nikajua wa nani. Pemba nzima ni yule jirani wetu tu anayesuka bado.

Nilipofika kwenye hitima na baibui langu la udongo nikamkuta mama mdogo anapakua pilau. Nikamwuliza mumewe anavua n'ni pale, hata chura sasa hayupo.

"Usinikumbushe," akasema. "Kila masika. Ananunua kambare sokoni mzima, pesa yangu ya mboga, anakwenda kumtia mwenyewe kwenye mgono na kifuniko kalegeza. Nimeolewa na mtu anayetega ili aibiwe."

Mwenyewe alikuwa barazani na wanaume, kitambi sasa cha halali, hakihitaji fenesi. Nikampelekea kaimati zangu zilizosalimika.

"Baba mdogo, vipi, wameiba?"

Akachukua kaimati moja, akatazama upande wa bondeni.

"Bado," akasema.